Kidude cha OBD2 cha kuangalia ulaji wa mafuta: kizuri, ila kazi ni ya mguu wako

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda asihangaike. Nakipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya wanaokiuza wakisema "kinapunguza mafuta". Hakipunguzi chochote jamani. Kinakuonyesha tu mafuta yanaenda wapi, kupunguza ni shughuli yako wewe na mguu wako wa kulia, na kama we ni mtu wa kuangalia namba alafu unaendelea kukanyaga vile vile basi hiyo hela nunulia mafuta tu yaishe.

Kwa wasiokijua, OBD2 ni mfumo wa gari kujikagua yenyewe, na kidude ni kile kiplagi kidogo unachochomeka kwenye tundu la pini 16 lililoko chini ya dashibodi upande wa dereva, lile lile fundi anapochomeka mashine yake ya kusoma makosa ya gari. Ndani kina chipu ya ELM327 (mara nyingi kopi yake) na Bluetooth, kinaongea na kontrol boksi (kompyuta ya injini) alafu namba zinakuja kwenye simu: spidi, resi (mizunguko ya injini kwa dakika), joto la maji, hewa inayoingia kwenye injini, na kile tunachokitaka sisi, kilomita kwa lita za papo hapo. Marekani magari madogo mapya yamelazimika kuwa na mfumo huu tangu 1996 na Ulaya yale ya petroli tangu 2001, kwa hiyo gari nyingi zilizoko barabarani zinao. Ila wenye gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuweni makini, unaweza ukakuta tundu lipo na linafanana kila kitu alafu ukichomeka kidude kinakaa kimya kwa sababu gari inaongea lugha yake ya kiwandani. Azima cha mtu ujaribu kwanza kabla hujanunua.

Sasa namba zenyewe zinatoka wapi, maana hapa ndo watu wanagombana na simu zao. Gari nyingi haikwambii moja kwa moja "nimekunywa mafuta kiasi hiki", programu inapiga hesabu kutoka kwenye sensa ya hewa. Injini ya petroli ikiwa kwenye hali ya kawaida inachanganya gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, so ukijua hewa unajua mafuta. Mfano gari imesimama sailensa (injini inawaka ila hujakanyaga mafuta) na sensa inasema gramu 3 za hewa kwa sekunde, gawa kwa 14.7, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa nzima, unapata kama gramu 735, na lita ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, yani gari imekaa tu hapo bila kwenda popote na inakula kama lita moja kwa saa. Hiyo hesabu ndo ilinifanya niache tabia ya kumsubiri mtu nje huku injini inanguruma. Kusimama zaidi ya sekunde 10 hivi tayari unakula mafuta mengi kuliko yale ya kuwasha upya, sehemu salama zima tu.

Gari ambazo hazina sensa ya hewa programu inakisia kwa kutumia presha na joto la hewa, na dizeli ndo usiseme, maana dizeli haifuati hiyo 14.7, namba zake zinacheza sana. Kwa vyovyote vile lazima urekebishe: jaza fulu tenki, zero kila kitu, endesha kama kawaida mpaka tenki ishuke vizuri, rudi ujaze fulu tena pampu ikate yenyewe, linganisha lita za pampu na lita za simu alafu ingiza tofauti kwenye mipangilio. Rudia kwenye tenki nyingine kadhaa mpaka zikubaliane. Mtu ambaye hajafanya hivi alafu anakuja kutuambia gari yake inatembea kilomita 25 kwa lita, mi simsikilizi.

Haya, kinafundisha nini? Kitu cha kwanza na ndo kikubwa kuliko vyote ni ile hali ya kuachia mafuta gari ikiwa kwenye gia. Unaona taa nyekundu kule mbele, unatoa mguu mapema, huweki nyutro, unaiacha gari ijisukume yenyewe. Kwenye skrini unaona kilomita kwa lita inaruka mpaka mwisho wa namba, 99.9 au 999 kutegemea na programu, kwa sababu nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini zimefungwa kabisa na injini inazungushwa na matairi. Mafuta ni sifuri. Resi zinashuka taratibu, 1,800, 1,500, ikifika maeneo ya 1,200 hivi (kila gari na yake) unasikia kakitu kadogo kama gari imeshtuka, hapo nozeli zimefunguka tena ili injini isizime, na namba inaporomoka. Ukishaona hilo kwa macho yako hutakaa ubishane tena na wale wa kuweka nyutro mteremkoni wakidhani wanabana mafuta, maana nyutro injini inakunywa mafuta ya sailensa njia nzima na breki ya injini umeikosa. Kuna mahali nyutro ina hesabu yake, kwenye mteremko mdogo sana ambapo gari kwenye gia ingepoteza spidi na we ungelazimika kukanyaga tena, ila huo ni utaalamu wa wale wa mashindano ya kubana mafuta, mtu wa kawaida aache. Na kuzima injini gari ikitembea ndo kabisa usithubutu, usukani unakuwa jiwe na breki inakosa msaada.

Hapa kuna mtego mmoja wa programu za bei rahisi: ukiachia mafuta hewa inaendelea kuingia kwenye injini kidogo, sasa programu isiyo na akili inaendelea kuhesabu mafuta wakati nozeli zimefungwa, unaona gari kama inakula kumbe haili. ScanGauge, kile chenye skrini yake chenyewe kisichohitaji simu, kina sehemu ya kuweka kiwango cha pedali ambacho chini yake kinahesabu kuwa mafuta yamekatwa. Programu za simu nzuri nazo zinajua. Ikague yako kwa kushuka mlima mrefu kwenye gia, kama haionyeshi sifuri au namba ya mwisho basi badilisha programu.

Cha pili ni kuondoka. Watu wanafundishana eti kanyaga kama kuna yai chini ya pedali, na mi nasema kidude hakikubaliani nao sana. Ukiondoka kinyonge mno unakaa gia za chini muda mrefu, resi juu, namba mbaya dakika nzima, na nyuma wanakupigia honi. Kinachotoa matokeo ni kukanyaga kwa wastani, kupandisha gia mapema kwenye 2,000 mpaka 2,500 kwa petroli ya kawaida, kufika kwenye spidi unayotaka alafu kulegeza. Wenye otomatiki ukifika spidi legeza mguu kidogo tu, utaona resi zinashuka ghafla kama 200 hivi bila spidi kupungua, hapo giaboksi imejifunga na injini moja kwa moja bila kuteleza na namba zinapanda. Ila usiende upande wa pili ukaanza kuibana gari gia ya tano kwenye kilima mpaka inatetemeka, hiyo unaumiza injini.

Spidi sina mengi. Upepo unaipinga gari kwa mraba wa spidi, yani ukitoka 100 kwenda 120 upinzani wa hewa unaongezeka kwa 44 kwa mia, na ulichopata ni dakika 10 katika kila kilomita 100, kama barabara ni nyeupe. Tazama namba ya papo hapo kwenye 90, alafu 120, uamue mwenyewe.

Kwa foleni, mtandao wa serikali ya Marekani wa mambo ya mafuta, fueleconomy.gov, unasema kukanyaga kwa fujo na kufunga breki kwa fujo kunaweza kuongeza hasara ya asilimia 10 mpaka 40 kwenye njia za kusimamasimama na 15 mpaka 30 kwenye barabara kuu, na ukiwa na kidude unaamini kabisa. Kila ukigusa breki jua kuna mafuta uliyalipia ili kupata ile spidi alafu umeyageuza joto la pedi. Dawa yake ni kuacha nafasi mbele, kutembea polepole bila kusimama badala ya kuruka mita chache na kufunga. Wataingia mbele yako, ndiyo, waache waingie. Na wale wa kujibanza nyuma ya lori ili likukate upepo, inafanya kazi kweli na ni njia nzuri ya kufa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba kimenisaidia zaidi kwenye ubovu kuliko kwenye uendeshaji. Angalia joto la maji. Gari nyingi ikishapata moto inakaa maeneo ya 85 mpaka 95, yangu ilikuwa inapanda mpaka 70 na barabara kuu ikishika upepo inashuka mpaka 65, wakati mshale wa dashibodi unaonyesha kila kitu shwari. Themostati, kile kilango kinachoruhusu maji kwenda kupozwa, ilikuwa imekwama wazi, kontrol boksi inadhani injini bado ya baridi so inamwaga mafuta ya ziada. Kibaya zaidi fundi mmoja alishawahi kuing'oa kwenye gari niliyokuwa nayo kabla ya hii akisema "hii haina kazi huku", sasa nikajua ile gari ilikuwa inakula kwa nini. Pia kuna namba ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (asilimia ya mafuta ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa), ikiwa karibu na sifuri uko salama, ikikaa juu ya 10 upande wowote kuna kitu, hewa inavuja, sensa ya hewa imechafuka au sensa ya oksijeni imechoka. Hiyo ya oksijeni ikifa kabisa hasara yake inaweza kuwa kubwa sana. Filta ya hewa kwa gari za nozeli za kisasa usitegemee miujiza, ikiwa chafu gari inakosa nguvu ila ulaji haubadiliki sana, tofauti na zile za kabureta za zamani.

Pamoja nacho nunua geji ya upepo wa tairi, na kama pesa inatosha kimoja tu anza na hiyo. Upepo ukipungua psi 1 (kipimo cha presha kilichoko kwenye geji) kwenye tairi zote unapoteza kama asilimia 0.2, inaonekana ndogo ila watu wanatembea na tairi zimepungua psi 8 bila kujua. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, fuata kibandiko cha mlangoni, usifuate namba iliyoandikwa kwenye tairi maana ile ni kiwango cha juu. Keria ya juu kama haibebi kitu ishushe, na lile buti ulilogeuza stoo utoe mizigo, kilo 45 ni kama asilimia 1 kwa gari ndogo.

Sasa kuna ndugu yake feki, na hapa nina hasira. Kinachomekwa tundu lile lile, kina kitaa cha kijani kinachomweka, wanasema "kinaisoma tabia yako ya kuendesha alafu kinaipanga upya kontrol boksi". Rafiki alikuwa nacho tukakifungua: kibao kidogo cha saketi, taa tatu, kitufe, na pini za mawasiliano ya gari hazijaunganishwa na kitu chochote, ni pini za umeme tu ndo zina waya. Kilikuwa taa ya kumwekamweka. Pamoja na sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, feni za kuzungusha hewa na ndugu zao wote, EPA, wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, imeshapitia zaidi ya vitu 100 vya namna hii na haijakuta kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana.

Kasoro za hiki halisi: kimetokeza, ukipanda gari goti linakigonga, tafuta kile kifupi au waya wa kurefusha. Kinanyonya umeme hata gari ikiwa imezimwa, kama unaiacha wiki nzima bila kuwasha kichomoe. Zile zilizoandikwa v2.1 nyingi ni kopi dhaifu zinazokata mawasiliano, zile za 1.5 zimekuwa na sifa nzuri zaidi ingawa namba imeandikwa ndogo. Wa iPhone chukueni cha Wi-Fi au kile cha Bluetooth LE, cha Bluetooth ya zamani hakitashika hata ulale nacho. Na simu ipachike juu usawa wa macho, weka namba mbili tu kubwa, maana mtu akianza kufuatilia namba kumi kwenye mwendo anagonga. Mwenye haibridi usijisumbue, gari yako tayari ina skrini yake inayoonyesha haya yote na inaonyesha vizuri kuliko simu.