Teke la bunduki za mitutu miwili: ipi uinunue, ipi uiache

Anayetafuta bunduki ya mitutu miwili kwa ajili ya nyati na tembo huuliza nguvu kwanza, kisha jina la kiwanda, kisha bei. Teke, yaani nguvu ambayo bunduki inarudi nayo begani inapofyatuliwa, hulikumbuka akiwa ameshalipa. Orodha hii nimeianzia kwenye teke, na nina sababu. Kitu ambacho bunduki hii inakupa kuliko ile ya bolti, ambayo lazima uvute komeo kwa mkono kabla ya kila risasi, ni risasi ya pili papo hapo, kitako kikiwa bado begani. Kama risasi ya kwanza inakufumba macho na kuipeleka mitutu angani, ile ya pili umeilipia bure.

Hesabu ya teke si ngumu. Chukua uzito wa kichwa cha risasi uzidishe kwa mwendo wake. Ongeza uzito wa baruti ukiuzidisha kwa mwendo wa gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu. Wengi hutumia mita 1,200 kwa sekunde. Jumla hiyo igawe kwa uzito wa bunduki, utapata mwendo ambao kitako kinakurudia nao begani, na kutoka hapo unapata jouli, kipimo cha nishati ya teke. Takwimu za teke zilizo humu nimezikokotoa hivyo kwa risasi za kawaida, basi zichukue kama makadirio ya kulinganishia. Ili uwe na pa kuanzia: bunduki ya bolti ya .308 yenye kilo 3.6 inatoa teke la jouli 20 hivi. Namba kama .308 ni jina la kaliba, yaani takriban upana wa tundu la mtutu kwa inchi.

Jouli pekee hazitoshi. Teke la mwendo mdogo linakusukuma. La mwendo mkubwa linachapa. Bunduki mbili zinaweza kulingana jouli, moja ikakurudisha nyuma hatua nzima bila maumivu na nyingine ikakuachia bega jeusi. Ndiyo maana mimi huuliza uzito wa bunduki kabla ya kuuliza kaliba.

Tazama mfano huu. Bunduki ya .470 yenye kilo 4.3 inatoa karibu jouli 100. Bunduki ya .500, kaliba kubwa zaidi, ikiwa na kilo 5.4 inatoa jouli zilezile, tena kwa mwendo mdogo zaidi. Ile .470 nyepesi inapendeza sana dukani. Unaiinua kwa mkono mmoja, unaisogeza huku na huku, unajiona umeshafika porini. Baada ya risasi nne unajua kwa nini mwenye nayo aliiuza.

Nafasi ya kwanza: .450/400 ya inchi 3

Kama ungeniuliza ununue ipi na huna historia ndefu na bunduki kubwa, jibu langu ni hili bila kusita. Jeffery, kiwanda cha Uingereza, waliitoa mwanzoni mwa karne ya 20; inchi 3 ni urefu wa ganda la risasi. Kichwa chake kina greni 400, yaani gramu 26, kikienda karibu mita 640 kwa sekunde. Ndani ya bunduki ya kilo 4.4 teke ni jouli 60 hivi. Ni mara tatu ya .308, lakini ni teke ambalo mtu wa kawaida hulizoea ndani ya siku chache. Anafungua macho, anaona mnyama, anavuta triga ya pili.

Wapo wanaoidharau kwa sababu namba yake haitishi. Kichwa kile ni chembamba na kirefu kulingana na uzito wake, na kikiwa kigumu kisichofunguka kinazama ndani sana. Kwa nyati sioni upungufu wowote. Kwa tembo inatosha kwa anayejua pa kupiga, na anayeogopa bunduki yake hajui pa kupiga.

Tahadhari moja kwa wanaonunua za zamani: kuna .450/400 ya inchi 3 na nyingine ya inchi 3¼, na risasi zake hazibadilishani. Soma maandishi chini ya mitutu, kisha mpe fundi bunduki apime chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, kwa vifaa. Usimwamini muuzaji kwa mdomo.

Nafasi ya pili: .470 Nitro Express, yenye uzito wa kutosha

Hii ndiyo inayojulikana kuliko zote, na risasi zake ndizo rahisi zaidi kuzipata katika kundi hili. Ilitokana na zuio la mwaka 1907, Waingereza walipokataza kaliba ya .450 India na Sudan. Viwanda vikakimbilia kaliba zilizokaribiana nayo, na .470 ikabaki juu ya wenzake. Kichwa ni greni 500, gramu 32, kwa mita 655 kwa sekunde. Nguvu mdomoni mwa mtutu inakaribia jouli 7,000.

Ikiwa na kilo 4.8, teke ni jouli 90. Ikiwa na kilo 5, ni 86. Ikishuka hadi 4.3 ndipo tunarudi kwenye ile 100 niliyoitaja. Kwangu mimi, .470 chini ya kilo 4.6 si ya kununua, hata ikiwa na nakshi za dhahabu. Uliza pia chuma chenyewe kilivyotengenezwa: viwanda vingine hutumia mwili mmoja wa bunduki kwa kaliba zote, kwa hiyo kadiri tundu la mtutu linavyopanuka ndivyo bunduki inavyopungua uzito, kinyume kabisa na unachohitaji. Heym wa Ujerumani hutengeneza miili ya ukubwa tofauti kulingana na kaliba, na tofauti hiyo utaihisi begani. Krieghoff nao wana kifaa cha kupunguza teke kinachowekwa ndani ya kitako. Kinasaidia, ila sehemu ya msaada wake ni kwamba kimeongeza uzito.

Ukikutana na .450 ya Rigby ya mwaka 1898 au .500/465 ya Holland & Holland, zihesabu kama ndugu wa .470. Vichwa vyake ni greni 480, na teke lake linapungua kidogo tu.

Nafasi ya tatu: 9.3x74R

Hapa nitaeleweka vibaya, basi niseme wazi: hii si bunduki ya tembo. Nimeiweka hapa kwa ajili ya mtu mwenye bega lililoumia, mwenye umbo dogo, au anayewinda zaidi nguruwe mwitu na pofu kuliko nyati. Gramu 18.5 kwa mita 720 kwa sekunde, bunduki ya kilo 3.6, teke la jouli 45. Inabebeka siku nzima. Ila nchi kadhaa za Afrika zinataka angalau .375 kwa wanyama hatari, na hii ni 0.366 ya inchi. Soma sheria ya unakokwenda kabla ya kutoa pesa.

Nafasi ya nne: .500 Nitro Express ya inchi 3

Bunduki nzuri mno, mikononi mwa aliyeshazoea. Greni 570 kwa mita 655; kwa kilo 5.2 teke ni jouli 103. Wawindaji bingwa wengi, wale wanaoongoza wateja porini, wanaipenda kwa sababu kazi yao ni kumzuia mnyama anayekuja, tena kwa umbali wa hatua chache. Kazi ya mteja ni tofauti. Mteja anapiga mnyama aliyetulia, akiwa na muda wa kulenga.

Niliazimwa .500 mwaka wangu wa kwanza na bunduki hizi. Ilikuwa nyepesi kwa kaliba yake na kitako kilikuwa kifupi kwangu. Nilivuta triga ya mbele, sikusikia mlio bali kishindo kilichojaa kichwa kizima, nikajikuta nimerudi hatua tatu na kidole cha kati kimepasuka pale kinga ya triga ilipokigonga. Nilipofungua bunduki, fataki za risasi zote mbili zilikuwa zimegongwa na pini. Mitutu yote miwili ilikuwa imefyatua risasi kwa pamoja. Fundi aliikagua akakuta mitambo mizima. Mkono wangu ndio uliokaza wakati wa teke, na kidole kikakuta triga ya nyuma.

Wengi wanadhani mitutu miwili ikifyatua pamoja teke ni mara mbili. Mwendo wa bunduki ndio unaoongezeka mara mbili. Jouli zinaongezeka mara nne. Kwa .500 ile unazungumzia zaidi ya jouli 400. Kwa hiyo anayejifunza ajaze mtutu mmoja tu mpaka mkono utulie, na hata aliyebobea afanye hivyo anapopima shabaha akiwa ameketi.

Kwa anayenunua .500 ya zamani: zipo bunduki za .500 zilizotengenezwa kwa baruti nyeusi zenye chemba ya inchi 3 hiyohiyo. Risasi ya Nitro, yaani ya baruti isiyo na moshi yenye nguvu zaidi, inaingia humo bila kukwama, na shinikizo lake linaweza kuupasua mtutu. Alama za ukaguzi chini ya mitutu ndizo zitakazokuambia.

.577 na .600

Nimeziacha mwisho na sitakaa nazo sana. .577 hurusha greni 750 na huhitaji bunduki ya kilo 6 au zaidi; hata hapo teke linafika jouli 145 hivi. .600 hurusha greni 900, lakini bunduki zake huwa na kilo 7 na zaidi, kwa hiyo teke lake halipishani sana na la .577, na mara nyingi linahisiwa kama msukumo mzito kuliko pigo. Tatizo kubwa la .600 ni miguu na mabega: kilo 7 za kubeba kutwa nzima ukifuata nyayo. Anayefika kwa mnyama akiwa amechoka halengi vizuri. Ile .700 ya Holland & Holland ya miaka ya 1980 ni ya mkusanyaji.

Kitako kinavyoweza kuharibu kaliba nzuri

Nimeona .450/400 ikimtoa mtu machozi na .500 ikimwacha mwenzake anacheka, na tofauti ilikuwa kitako. Kitako kilichoshuka sana nyuma kinainua mitutu na kukupiga mfupa wa shavu. Kifupi kinaleta kidole gumba karibu na pua, na kile kipini cha juu cha kufungulia bunduki kinaweza kukukata kati ya gumba na shahada. Kirefu kinanasa kwenye nguo ya kwapani na kutua kwenye mkono badala ya bega.

Jaribio langu ni hili. Hakikisha bunduki ni tupu. Funga macho, iinue begani kama unavyojisikia, kisha fumbua. Vilengeo viwe tayari kwenye mstari bila kusogeza shingo. Rudia mara kumi. Kama mara saba au nane unalazimika kutafuta kilengeo cha mbele, kitako hicho si chako, na gharama ya kukirekebisha uiongeze kwenye bei. Mwenye kutumia mkono wa kushoto awe mwangalifu zaidi, maana vitako vingi vimekunjwa kidogo kumfaa anayetumia wa kulia.

Angalia pia triga ya mbele: iwe na bawaba, ikunjike kuelekea mbele kidole kinapoigonga kwa nyuma. Mpira wa kitako uwe mpana na laini. Mpira uliokauka kwa umri ubadilishwe mara moja. Darubini ukiitaka, iwe ile inayoonyesha picha jicho likiwa mbali, la sivyo utapata kovu juu ya nyusi.

Usifikirie kulimaliza teke kwa kujaza baruti kidogo tu. Mitutu hii miwili imeoanishwa kiwandani, yaani imerekebishwa ipige mahali pamoja, kwa uzito fulani wa kichwa na mwendo fulani, na teke lenyewe ni sehemu ya hesabu hiyo, kwa kuwa bunduki huanza kugeuka kwa teke wakati kichwa cha risasi kikiwa bado ndani ya mtutu. Ukibadilisha risasi, mtutu wa kulia na wa kushoto inaweza kuacha kupiga mahali pamoja. Muulize muuzaji iliyotumika kuioanisha ni risasi gani, na akuonyeshe karatasi ya shabaha yenye matundu ya mitutu yote.

Kisha omba kuijaribu, ukiwa umesimama, uzito kwenye mguu wa mbele, mkono wa kushoto ukiishika mitutu kwa nguvu, masikio yamezibwa. Mwenzako akujazie mtutu mmoja mmoja bila wewe kuona, wakati mwingine risasi halisi, wakati mwingine ya bandia. Ukivuta triga ukasikia "tik" na mitutu ikainama mbele, mwili wako umeshaanza kuliogopa teke. Jaribu bunduki ya kaliba hiyohiyo yenye nusu kilo zaidi, au shuka kaliba moja.