Dawa za mikwaruzo ya gari: ipi inafuta, ipi inaficha

Lalamiko linalonifikia kila mara ni lile lile: "Dada, nilipaka dawa ya mikwaruzo, mlango ukawa kama mpya. Nimeosha gari mara mbili tu, mistari yote imerudi." Ndugu yangu, ilikuwepo muda wote.

Kwa hiyo leo sina habari na harufu, ukubwa wa chupa wala sponji ya bure ndani ya boksi. Naangalia kitu kimoja: dawa inasaga au inajaza? Inayosaga ina chembe laini kuliko msasa wa kawaida. Zinakula klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, kidogo kidogo kando ya mkwaruzo mpaka kingo zake zinalainika na jicho halinasi tena. Inayojaza ina nta na mafuta ya silikoni yanayotuama ndani ya mstari. Gari linang'aa siku hiyo, kisha kijana wa kuosha magari anakuja na ndoo yake ya sabuni ya unga, na habari inaishia hapo.

Namna ya kuijua hutaambiwa dukani. Ukimaliza kusugua, changanya spiriti ya duka la dawa na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa laini, pitisha mara moja, kisha mulika kwa tochi ya simu ukiwa umeinama pembeni. Mstari ukijitokeza, umeuziwa nta.

Namba moja kwangu ni Meguiar's ScratchX, na sijifichi, naipendelea kampuni hiyo. Inasaga kweli, imetengenezwa kwa kusugua kwa mkono, na huhitaji mashine wala fundi. Michubuko ya kucha kwenye kitasa, alama za matawi, ile mistari ya buibui inayoonekana juani: hapo ndipo kazi yake. Sugua eneo dogo, futa, tazama, rudia. Usipitilize, maana klia ya gari huwa nyembamba kuliko karatasi ya kuandikia, na ikiisha hairudi.

Ya pili ni kompaundi, yaani dawa nzito ya kusaga, ya 3M. Inakata kwa nguvu zaidi, lakini inaacha ukungu unaotaka polishi nyingine juu yake. Kama huna mpango wa kununua vyote viwili, iache.

Mkwaruzo unaonasa ukucha hauna dawa ya kusugua. Bodaboda amepita na usukani wake, unaona praima (rangi ya msingi) au bati? Hapo unahitaji rangi, na mimi ningechukua kichupa cha Soft99 kutoka Japani, kwa sababu wanatengeneza kwa kufuata namba ya rangi ya gari lenyewe.

Dawa ya meno, na vile vitubu vya kwenye foleni: nta, au mchanga. Tusonge mbele.

Sasa hawa wauzaji wa rangi. Toyota yako ina kibati, kwenye chumba cha injini au fremu ya mlango wa dereva, chenye maandishi C/TR. Herufi au namba tatu za kwanza zinazofuata ndizo rangi yako. 040 ni nyeupe ya kawaida. 070 ni nyeupe ya lulu, ambayo kiwandani hupigwa nyeupe, kisha tabaka la lulu, kisha klia. Ukiweka 040 juu ya 070 utakuwa na kiraka kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mwambie hivyo muuzaji, atakujibu, "Dada, nyeupe ni nyeupe," huku kichupa alichokushikia hakina namba yoyote. Ukisisitiza, anaingia nyuma, anatoka na chenye namba, na bei imepanda kwa sababu ameshakuona umeshuka kwenye Harrier. Nenda kwa mguu, namba ukiwa umeipiga picha kwenye simu.