Mossberg 500 kwa Bega Jepesi: Teke Limo Ndani ya Risasi

Bunduki tuliyoinunua mwishowe ni Mossberg 500 ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), yenye mtutu wa inchi 18 na nusu, na ninaiandikia tathmini hii baada ya miezi minane na risasi zipatazo 400, kwa kuwa njia iliyotufikisha kwake ilikwenda kinyume na karibu kila tuliloambiwa dukani. Tunaishi Texas, nje kidogo ya Fort Worth. Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, na usiku mwingi mke wangu hubaki peke yake na watoto wawili. Yeye ana kimo cha sentimita 157, hutumia mkono wa kushoto, na kabla ya hapo hakuwahi kushika silaha. Sharti lilikuwa moja: iwe bunduki ambayo atakubali kuifanyia mazoezi, kwa maana bunduki inayomwacha mtu na bega la zambarau hufyatuliwa mara tatu, kisha husahaulika kabatini.

Tulitaka shotigani, ambayo wazee wetu waliiita bunduki ya marisau, yaani vigololi vingi vinavyotoka kwa risasi moja, na tulitaka ya pampu, ile inayokokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele nyuma na kukirudisha. Zipo za kujikoki zenyewe kwa gesi ya baruti, na nakiri mapema kwamba hizo humpunguzia mpigaji mshtuko zaidi ya pampu yoyote. Lakini nzuri kati yake huuzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Mossberg 500, ambayo sisi tuliipata chini ya dola 500, na nyingine hukwama zinapopewa risasi dhaifu, kwa sababu nguvu ya risasi ndiyo inayoendesha mitambo yake. Pampu huendeshwa na mkono, kwa hiyo hutoa ganda na kuingiza risasi nyingine hata kama risasi ni nyepesi namna gani. Kwa anayetafuta teke dogo, yaani mshtuko mdogo wa bunduki inaporudi nyuma begani, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Duka la kwanza tuliloingia, muuzaji alimtazama mke wangu kuanzia kichwani hadi miguuni na kumletea geji 20 kabla hajafungua kinywa. Sikulaumu sana, kwani huo ndio ushauri wa kila mahali: geji 12 kwa mwanamume, geji 20 kwa mwanamke na kijana. Geji ni hesabu ya kale, idadi ya gololi za madini ya risasi zenye upana wa tundu la mtutu zinazofikisha uzito wa ratili moja, na ndiyo maana geji 20, yenye tundu la takribani milimita 15.6, ni nyembamba kuliko geji 12 yenye milimita 18.5. Katika uwanja wa shabaha ulioungana na duka hilo mke wangu alifyatua risasi tano, akatabasamu, na nusura tulipe palepale. Kilichotuzuia ni kisanduku cha risasi. Alizokuwa amepewa zilikuwa risasi za mazoezi ya kupiga visahani vya udongo, zenye gramu 25 tu za marisau madogo, na hizo hakuna anayeshauri zitegemewe kulinda nyumba, kwa kuwa marisau hayo hayapenyi vya kutosha kumsimamisha mtu.

Nikaomba risasi ambayo kweli ingekaa ndani ya bunduki hiyo nyumbani kwetu, ile ya gololi kubwa zaidi, za ukubwa uitwao namba 3. Mke wangu alifyatua mbili, akairudisha mezani.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Nguvu ya teke hutokana na mambo matatu: uzito wa kinachotoka mtutuni, kasi yake, na uzito wa bunduki inayorudi nyuma, na viwili vya kwanza ndivyo vyenye uzito mkubwa zaidi katika hesabu kwa sababu kila kimoja huzidishwa kwa chenyewe. Risasi ya kawaida ya geji 20 ya namba 3 ina gololi 20, jumla yake takribani gramu 30, zinazotoka kwa mita 366 kwa sekunde. Risasi ya geji 12 iliyopunguzwa teke, ya gololi tisa za ukubwa uitwao sifuri mbili, ina takribani gramu 31, ila hutoka kwa mita 349 kwa sekunde, ilhali ile ya nguvu kamili hutoka kwa takribani mita 404. Ukiweka kando baruti na vikorokoro vingine vya ndani ya ganda, kushuka kutoka 404 hadi 349 kunaondoa karibu robo nzima ya teke. Halafu bunduki ya geji 20 ni nyepesi, mara nyingi kwa robo kilo au zaidi, kwa hiyo huruka nyuma kwa haraka zaidi. Mwisho wa hesabu ukawa huu: kwa risasi za kujilindia, ile bunduki ya akina mama ilikuwa inapiga teke sawa na geji 12 iliyochaguliwa risasi kwa makini, na pengine zaidi kidogo. Asante ya punda ni mateke, na punda mdogo naye anayo.

Hesabu ya kalamu si bega, kwa hiyo tukaenda kujaribu. Rafiki yetu mmoja kutoka Lubumbashi ana Remington 870, bunduki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950 na ambayo polisi wa Marekani wameitumia kwa vizazi. Ni nzito, ni ya chuma, na kishikio chake huteleza kama kimepakwa mafuta. Akampa mke wangu risasi zilizopunguzwa teke, akamwambia, «Shemeji, usiikimbie, iegemee.» Alifyatua kumi. Kilichomshinda halikuwa teke bali kitufe cha usalama, ambacho kwenye 870 kiko nyuma ya kifyatulio na husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo jepesi kwa kidole cha mkono wa kulia na gumu kwa mwenye mashoto. Kitufe kinaweza kugeuzwa na fundi, lakini sikuona sababu ya kununua tatizo ili nilipie tena kuliondoa.

Mossberg 500, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, imeweka swichi hiyo juu kabisa ya mwili wa bunduki, pale kidole gumba kinapolala, na kwayo mkono wa kulia na wa kushoto ni sawasawa. Doa jekundu likionekana, bunduki iko tayari kufyatuka. Lakini ubora huo hupotea mtu akifunga kitako chenye mshiko wa bastola, kwa sababu kidole gumba hulazimika kuachia mshiko ili kuifikia swichi. Wauzaji huvipigia debe vitako hivyo kwa sababu vinapendeza machoni. Na ile mishiko mifupi isiyo na kitako kabisa ndiyo mibaya kuliko yote kwa mtu anayeogopa teke, maana mshtuko wote huishia kwenye kiwiko cha mkono na wakati mwingine kwenye meno.

Kitako ndicho kilichotugharimu fedha ya ziada, na ndiyo fedha niliyoitumia vizuri zaidi katika safari hii yote. Kile cha kiwandani kina urefu wa takribani sentimita 35 kutoka kifyatulio hadi mwisho wake, na kwa mikono ya mke wangu kilimlazimisha aegemee nyuma kama anayevuta jahazi, akipokea teke akiwa ameshapoteza mizani. Tuliweka kitako cha Magpul kiitwacho SGA, ambacho hupunguzwa kwa vipande hadi inchi 12 na nusu na kina mpira wa kupokea mshtuko. Bunduki ni ileile na risasi ni zilezile, lakini sasa aliweza kuinamia mbele, mkono wa mbele ukisukuma na wa nyuma ukivuta kana kwamba anataka kuikata bunduki vipande viwili, na teke likageuka kuwa msukumo tu. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anafyatua 25 kwa kikao kimoja bila alama begani. Anayependa kukwepa gharama hii atapata matoleo ya Bantam ya Mossberg yenye kitako kifupi tangu kiwandani.

Nilijaribu pia Mossberg 590S, toleo la mwaka 2021 linalomeza risasi fupi za inchi 1.75 bila kuchagua. Risasi hizo ndogo, zinazotengenezwa na Aguila wa Mexico na baadaye Federal, zinapiga teke la kitoto kweli, na magazini hubeba nyingi zaidi. Ila hubeba mzigo mdogo wa marisau, bei yake kwa kila moja haishuki pamoja na ukubwa wake, na mara mbili nimezikosa dukani. Kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza ningezinunua bila kusita, lakini kwa usiku wa hatari sikushawishika. Katika 500 ya kawaida risasi hizo hukwama, isipokuwa ukiongeza kipande cha mpira cha kuziongoza.

Kasoro za bunduki yetu ni hizi. Kishikio cha mbele hucheza na kugongagonga unapotembea nayo. Ndivyo zilivyo zote na hilo haliharibu kitu, lakini aliyewahi kushika 870 ataona tofauti. Swichi ya usalama ni ya plastiki, nami nimeibadilisha kwa ya chuma. Mara nne mke wangu alikoki nusu, yaani hakuvuta kishikio hadi mwisho, na bunduki ikafyatuka patupu. Hiyo si kasoro ya Mossberg, ni tabia ya kila pampu mkononi mwa mtu anayeibembeleza. Na kelele: ndani ya chumba mlio wake huzidi desibeli 150, kiwango kinachoweza kuumiza masikio kwa mfyatuo mmoja, kwa hiyo vizibo vya masikio vya kielektroniki vinakaa pamoja nayo.

Inakaa ndani ya sefu inayofunguka kwa namba, magazini ikiwa na risasi na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaa risasi ya kufyatuliwa, ikiwa tupu, kwa sababu shotigani nyingi za aina hii zinaweza kufyatuka zikianguka zikiwa na risasi chembani. Sheria ya Texas humtia hatiani mwenye silaha iliyojazwa ikiwa mtoto wa chini ya miaka 17 ataifikia kwa sababu ya uzembe wake. Tulipima pia kuta, ambazo kama nyumba nyingi za hapa ni jasi nyembamba. Gololi za sifuri mbili hupita ukuta mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo mke wangu anajua ni pembe ipi ya ukumbi ambayo nyuma yake kuna vitanda vya watoto, na kuelekea huko hafyatui kwa hali yoyote.

Kwa wenzetu wageni, ununuzi wenyewe ni fomu 4473 ya serikali kuu na ukaguzi wa rekodi ambao kwetu ulichukua dakika chache. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Aliye hapa kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuimiliki, isipokuwa kwa masharti machache kama leseni ya uwindaji, na kuijaza fomu hiyo kwa uongo ni kosa la jinai.

Ile geji 20 tuliyokataa bado inamfaa anayepiga ndege na visahani, na siku binti yangu akifikia umri huo pengine nitairudia. Atakayeziweka zote mbili nyumba moja asichanganye risasi: ya geji 20 hutengenezwa na ganda la njano kwa makusudi, maana ikitumbukia ndani ya mtutu wa geji 12 hukwama mbele ya chemba, na atakayeingiza ya geji 12 nyuma yake na kufyatua atapasua mtutu usoni mwake.