Pamba ya kukalafati (kuziba nyufa za mbao), duka la vifaa vya mitumbwi Kirumba, Mwanza
Mtumbwi wa marehemu baba ulikaa miaka 6 juu ya mchanga Igombe, mbao zimekauka hadi mwanga unapenya. Nimeukarabati mwenyewe, na vifaa nimenunua duka dogo karibu na soko la samaki la Mwaloni.

Mama muuzaji aliniuliza kwanza, "Mwanangu, kwenye nyufa kinaingia nini, kisu au kidole?" Nikamwambia kisu. Akaninyang'anya pamba nene niliyokwisha kuishika, akanipa nyembamba, akanionyesha namna ya kuisokota kwa mafuta kabla ya kuigongea kwa patasi butu. Pamba yenyewe ni safi, ndefu, haikatiki mkononi. Hapo nampa alama zote.

Misumari ndiyo iliyoniumiza. Niliambiwa imepakwa zinki, lakini baada ya wiki 3 misumari 11 kwenye mataruma (mbavu za mtumbwi) ilikuwa na kutu vichwani. Nikaing'oa yote. Alinibadilishia bila maneno, ila siku nzima ya kazi ilishapotea. Omba mmoja, uuloweke siku kadhaa kabla hujanunua kilo nzima.

Tulipoushusha ziwani uliingiza maji siku ya kwanza, mbao zikavimba. Siku ya tatu nilipapasa chini ya pamba: pakavu.