Betri za LiPo za magari ya rimoti: ukiwa Dodoma ununue ipi?

Wengi wakinunua gari la rimoti humaliza hela kwenye gari lenyewe, halafu chaja wanachukua yoyote iliyopo. Ushauri wangu ni kupanga bajeti kinyume: chaja kwanza, betri pili, gari baadaye. Betri ya lithiamu polima, yaani LiPo, ni nyepesi na ina nguvu sana, ila haitaki mchezo. Ikichajiwa vibaya inaweza kuwaka moto, na moto huo una moshi wa sumu.

Chaja ya kununua ni ile inayosawazisha seli. Utaitambua kwa matundu madogo ya plagi nyeupe ubavuni. LiPo ya 2S ina seli mbili, na kila seli hujaa kwa volti 4.20, kwa hiyo betri nzima ikijaa inasoma 8.4. Sasa seli moja ikijaa kabla ya mwenzake, na chaja haioni tofauti hiyo, umeme utaendelea kuingia na seli iliyojaa itapitiliza. Hapo ndipo betri huvimba au kushika moto. Chaja inayosawazisha hupima kila seli peke yake. Iwe na chaguo la LiPo, na uhakikishe umelichagua kila unapochaji, maana kuchaji LiPo kwa chaguo la NiMH (betri za aina nyingine, za nikeli) ni kutafuta balaa. Kiwango cha ampea ni rahisi kukipata: gawa mAh (kiasi cha umeme ambacho betri inabeba) kwa 1000. Betri ya 5000 mAh ichajiwe kwa ampea 5 au chini ya hapo. Ukipata chaja inayokubali pia volti 12, chukua hiyo. Umeme ukikatika, utachaji kwa betri ya sola.

Kwenye betri, namba moja kwangu ni 2S ya volti 7.4 (hiyo ni ya kawaida, ikijaa ndiyo 8.4), 5000 mAh, yenye ganda gumu la plastiki. Barabara zetu za kokoto kule Nkuhungu au Ihumwa hurusha mawe, na gari likipinduka betri ndiyo hupigwa. Ganda gumu huzuia seli isitobolewe. Gari likivuta wastani wa ampea 15, utacheza kama dakika 20. Namba ya C, yaani kasi ambayo betri inaweza kutoa umeme, usiikimbilie sana, kwani wauzaji wengi huikuza. Mtengenezaji anayeaminika mwenye 30C anatosha kwa gari la kawaida.

Namba mbili ni NiMH ya volti 7.2, ambayo si LiPo kabisa. Naiweka hapa makusudi. Kama gari ni la mtoto wa darasa la tatu na atakayechaji ni dada wa nyumbani, mnunulie hii. Ni nzito na haina kasi ileile, lakini inavumilia makosa mengi ambayo LiPo haiyavumilii. Nayo ina chaguo lake kwenye chaja.

Ya tatu ni 3S, volti 11.1. Inunue tu kama kidhibiti mwendo cha gari kimeandikwa kwamba kinapokea 3S. Vinginevyo utaunguza mota na kusaga gia.

Ya mwisho, ambayo nakuomba uiache kabisa, ni betri iliyotumika, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Ukiwa dukani, iwe Majengo au Kariakoo, ilaze betri juu ya kioo cha kaunta. Yenye afya hulala bapa. Iliyovimba hupepesuka ukiigusa pembeni, na yenye ganda gumu utaona maungio yameanza kuachana. Inuse pia: harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ina maana inavuja. Kisha mwombe muuzaji tesita, mpime seli moja moja kwenye plagi nyeupe. Betri mpya kwa kawaida husoma karibu 3.8 kila seli, zikilingana. Ukikuta moja 3.8 na nyingine 3.2, rudisha.

Ongeza kengele ndogo ya volti inayochomekwa kwenye plagi hiyohiyo. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa NiMH hayakati umeme LiPo inapokaribia kuisha, na seli ikishuka chini ya volti 3.0 inaharibika. Weka kengele ilie kwenye 3.5.

Chajia kwenye sakafu ya saruji, barazani penye kivuli, mbali na godoro na mapazia, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Ukitoka kucheza, iache ipoe kwanza. Usilale wakati inachaji, hata kama umeme ndiyo umerudi saa tano usiku. Na joto la hapa Oktoba na Novemba si la kupuuza: gari lililoegeshwa juani linakuwa tanuri, usiache LiPo humo. Ukikaa wiki bila kucheza, irudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Chaja nyingi nzuri zina chaguo la kuhifadhi.

Ukiagiza kutoka Dar, mwambie muuzaji asiijaze chaji na azibe ncha za plagi kwa utepe wa umeme. Ukisafiri nayo kwa ndege, iweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Hiyo 2S ya 5000 mAh ina saa-wati (kipimo cha nishati) 37, na kikomo cha kawaida kisichohitaji kibali cha shirika la ndege ni 100.