Tahadhari kwa mafundi na wavuvi wa Mwanza: mita za bandia za kupima ukinzani wa betri kwa nyaya nne

Mafundi wenzangu wa sola, wa simu na wa pikipiki za umeme, pamoja na ninyi wenye mitumbwi ya dagaa mlioachana na karabai mkaingia kwenye taa za betri: kuna muuzaji anayezunguka Makoroboi, Kirumba na Igoma akiuza mita ndogo ya mkononi anayodai inapima ukinzani wa ndani wa betri ya aina yoyote (yaani jinsi betri inavyouzuia mkondo ndani yake, dalili ya uchovu wake) kwa njia ya nyaya nne, na mita hiyo haifanyi kazi anayoisema. Sitamtaja jina wala kuandika namba yake, kwa sababu namba hubadilishwa na mzigo huohuo kesho unaweza kuwa kwenye begi la mtu mwingine. Kinachotakiwa ni kuujua mzigo wenyewe.

Umbo lake halimtishi mnunuzi. Ina kioo cha rangi, kitufe cha kurudisha sifuri, soketi nne mbele na klipu mbili nene, na usoni imeandikwa kwamba inapima kwa mkondo geu wa kilohezi 1 (mara elfu moja kwa sekunde) na kuhimili hadi volti 100. Yote hayo ndiyo sifa za mita nzuri, na ndiyo maana watu wanaridhika. Mwenzetu mmoja aliyeuziwa aliileta mezani kwangu baada ya kuona seli moja ikimpa jibu tofauti kila anapoishika, tukafungua skrubu nne za nyuma. Ndani, soketi zile nne zimeunganishwa mbili mbili kwa risasi nene ya kuchomelea, palepale zinapoingia kwenye bodi. Kapasita mbili zinazopaswa kuzuia volti ya betri isiingie kwenye saketi ya kupimia zimeandikwa volti 25, wakati usoni panasomeka 100. Kwa hiyo anayeifunga kwenye pakiti ya volti 48, ambayo ikijaa hupita volti 50, anaweka mara mbili ya kiwango kinachohimilika, huku mkono wake uko juu ya mita hiyo.

Kwa nini kuunganishwa kwa soketi ni jambo zito? Ukinzani wa betri yenye afya ni mdogo mno, hupimwa kwa miliomu, yaani sehemu ya elfu moja ya omu. Seli mpya ya 18650, ile ya lithiamu ya mviringo, huwa na miliomu kati ya 15 na 40 hivi kutegemea aina yake, betri ya gari ya N70 iliyo na afya huwa chini ya miliomu 10, na seli kubwa ya lithiamu ya ampea-saa 100 huwa chini ya miliomu 1. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kwa kila mita moja ya urefu, peke yake una miliomu kama 34. Njia ya nyaya nne ilibuniwa ili kulikwepa tatizo hilo: nyaya mbili hupitisha mkondo, nyingine mbili husoma volti tu, na kwa kuwa nyaya za kusoma hazibebi mkondo wa maana, ukinzani wao na wa mahali zinapogusa hauingii kwenye jibu. Ukiziunganisha ndani ya mita, unapima betri pamoja na nyaya, klipu na kutu iliyo kwenye nguzo, na hapo ni kama kumpima mtoto kliniki akiwa mgongoni mwa mama yake.

Muuzaji analijua hilo vizuri, na hapo ndipo ujanja wake wa maonyesho ulipo. Hugusisha klipu, hubonyeza kitufe cha sifuri, kisha bila kuzichezesha nyaya huzibana kwenye seli yake mwenyewe iliyochomelewa vipande vya nikeli safi, na mita husoma namba inayokaribiana na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda anayokuonyesha kwenye simu. Sifuri ile imeondoa ukinzani wa nyaya kwa wakati ule tu. Ukibadili seli, ukiikaza klipu zaidi au ukiigeuza kidogo, namba inaruka kwa miliomu 10, hata 20, na seli nzuri inaonekana imechoka.

Na kuna upande wa pili ambao mimi nauona mbaya kuliko huo wa kuuza. Mtu huyohuyo, au wenzake wanaotumia mita hiyohiyo, hupita kwenye mialo kununua betri zilizotumika. Hufika asubuhi wavuvi wakiwa wamechoka, hasa siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi na fedha imepungua, hubana klipu kwa ulegevu kwenye nguzo yenye kutu, humwonyesha mwenye betri kwamba inasoma miliomu 80 au zaidi, kisha huichukua kwa bei ya chuma chakavu. Betri ndogo ya volti 12 ya ampea-saa 7, ikiwa nzima, huwa na miliomu 20 hadi 30. Mvuvi asiyeijua namba hiyo hana la kujibu, na betri ambayo ingewasha taa zake msimu mwingine mzima inaondoka kwenye gunia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mita yoyote ya namna hii, iwe ya huyu au ya dukani, omba uijaribu kwa multimita yako mwenyewe. Chomeka nyaya zake kwenye mita ikiwa imezimwa, acha klipu zikiwa wazi bila kugusa kitu, weka multimita yako kwenye sehemu ya mlio, kisha gusa taya mbili za klipu moja, ncha moja kwenye kila taya. Katika mita ya kweli, taya moja ni ya mkondo na nyingine ni ya kusoma volti, nazo hazikutani mpaka zibane chuma, hivyo hutasikia mlio. Ikilia, hizo ni nyaya mbili zilizovalishwa sura ya nne. Rudia kwenye klipu ya pili. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na muuzaji anayelikataa amekwisha kujibu.

Ukipata mita iliyonyamaza, bado ipe kitu unachokijua. Mafundi wengi wa sola tuna shanti, yaani vipande vya chuma vyenye ukinzani mdogo unaojulikana vya kupimia mkondo, za ampea 100 zilizoandikwa milivolti 75. Gawanya 75 kwa 100 upate miliomu 0.75, na mita inayofaa itasoma karibu na hapo ukibana skrubu zake ndogo. Mita ya bandia itakupa sifuri au makumi ya miliomu. Kisha ibane klipu kwa nguvu na kwa ulegevu kwenye seli moja: jibu lisicheze kwa zaidi ya sehemu ndogo ya miliomu.

Kuhusu kununua, mita za bei nafuu zilizo za kweli zipo. Ile inayojulikana kama YR1035+ na nyingine za daraja lake huuzwa mtandaoni kwa dola za Marekani kati ya 30 na 60 hivi, na kwa kazi zetu zinatosha kabisa. Vifaa vya maabara kama vya Hioki ya Japani hufika maelfu ya dola, na sioni fundi wa kawaida wa hapa atavifanyia nini. Lakini jina kwenye boksi si ushahidi, kwa kuwa hata boksi hunakiliwa. Usikubali pia kuuziwa kipima betri za gari, kile kinachotoa namba ya nguvu ya kuwasha injini, eti kinafaa kwa seli za lithiamu; kilitengenezwa kwa ajili ya betri za risasi na asidi. Na akikuambia mita yake inakupa ampea-saa zilizobaki, ondoka. Ukinzani unaonyesha uchovu wa betri, wala hausemi itakaa na chaji kiasi gani. Hilo hujulikana kwa kuitoa chaji na kuhesabu.

Asiye na fedha ya mita anaweza kuanza na balbu ya taa ya gari ya wati 55 na multimita. Pima volti betri ikiwa imetulia, washa balbu, pima tena baada ya sekunde chache, kisha gawanya tofauti kwa mkondo. Ikishuka kutoka 12.70 hadi 12.52 huku balbu ikivuta ampea 4.5, ukinzani ni miliomu 40. Namba hii huwa kubwa kuliko ya mita ya kilohezi 1, kwa hiyo usizichanganye. Linganisha betri na betri kwa njia moja, zikiwa na chaji sawa.

Wale mliokwisha uziwa, msiifunge mita hiyo kwenye pakiti ya volti 36 wala 48 kwa sababu yoyote. Itunzeni pamoja na ujumbe wa muamala wa simu, kwa sababu wengi mlipewa karatasi ya mkono badala ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na huo muamala ndio uthibitisho pekee wa malipo mlio nao. Malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, na polisi wanaweza kufuatilia namba iliyopokea fedha. Aliye na mita hiyo akataka tuifungue pamoja na kupiga picha za bodi kwa ajili ya malalamiko, aje nayo na nyaya zake zote.