Epson LX-350: Printa Unayoisikia Ikifanya Kazi

Miezi minane iliyopita nilinunua printa ya doti matriksi, aina ya Epson LX-350, kwa ajili ya duka letu la jumla la vipuri vya magari huko Gerezani, Dar es Salaam. Sababu niliyoiandika kwenye daftari la matumizi ilikuwa nakala. Kila mzigo unaotoka unahitaji hati tatu zinazofanana, moja ya mteja, moja ya dereva na moja ya kubaki stoo, na ni mashine inayogonga karatasi kwa pini tu inayoweza kuziandika zote tatu kwa mpigo mmoja. Sababu ya pili sikuiandika popote: nilitaka kuusikia tena mlio wake.

Nilianza ukarani mwaka 1997 katika ofisi ya wakala wa forodha, karibu na bandari. Chumba kilikuwa kimoja, kompyuta mbili, na printa ya pini iliyofunikwa kwa boksi la mbao lenye sponji ndani ili isitutoboe masikio. Kompyuta ikiwashwa ililia mara moja, mlio mfupi, maana yake imejikagua na haikuona hitilafu; ikilia mara nyingi tulijua, kabla kioo hakijaonyesha neno lolote, kwamba siku hiyo tutaandika kwa mkono. Modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu, ilipoletwa baadaye, ilipiga namba kwa sauti, ikanyamaza, upande wa pili ukajibu kwa mlio mwembamba mrefu, kisha mashine mbili zikaanza kuzomeana kwa mvumo kama wa bomba lenye hewa mpaka zikubaliane mwendo. Lakini iliyotawala chumba kile ilikuwa printa. Mhasibu wetu, mzee mmoja aliyekuwa akikaa ameipa mgongo, alizihesabu ankara kwa masikio, na aliinua mkono kumnyamazisha yeyote aliyekuwa akizungumza hadi mstari wa jumla upite.

Kwa hiyo ninapoitathmini LX-350, naanzia kwenye sauti, kwa kuwa katika mashine ya namna hii sauti na kazi ni kitu kimoja. Kichwa chake kina pini 9 zilizopangwa wima. Kila pini inasukumwa na sumaku yake ya umeme, inagonga utepe wenye wino, utepe unagusa karatasi, na nukta moja inabaki. Herufi hujengwa kwa nukta hizo huku kichwa kikikimbia kushoto na kulia. Nguvu ya kugonga ndiyo inayopenya hadi karatasi ya tatu, na kwa kweli mtengenezaji anaruhusu hati moja halisi pamoja na nakala nne. Printa ya leza au ya wino haiwezi kufanya hivyo hata ikiwa ya bei kubwa namna gani, kwa sababu hakuna kinachogonga.

Siku ya kwanza nilikata tamaa. Niliiunganisha kwa waya wa USB, nikafungua ankara katika programu yetu ya kawaida, nikaituma. Ulitoka mlio mmoja mrefu, bapa, kama mtu anayechana kitambaa cha amerikani, kisha kichwa kikarudi kimya, kisha mlio uleule tena. Ukurasa ulichukua muda mrefu na herufi zilikuwa na ukungu. Kijana wetu wa kaunta alikuja mbio.

“Mzee, imeharibika?”

“Haijaharibika, mwanangu. Inachora.”

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Programu za siku hizi hutuma ukurasa mzima kama picha, na printa huchora picha hiyo ukanda kwa ukanda, ikiandika kwa kwenda upande mmoja tu ili nukta zisipishane. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya kompyuta, kuchagua dereva (programu ndogo inayoiongoza printa) ya maandishi matupu, na kuiacha printa itumie herufi zilizo ndani yake yenyewe. Nilipofanya hivyo nikatuma ankara ileile, mambo yakabadilika. Kichwa kiliandika kikienda na kikirudi, kikaruka haraka sehemu zisizo na maandishi, na ule mdundo ukarejea: jina la mteja, pengo, tarehe, karatasi ikapanda, namba ya kipuri, pengo, idadi, pengo, bei, karatasi ikapanda. Mistari ya bidhaa inafanana urefu, hivyo inatoa mapigo yanayofanana, kama cherehani inayoshona pindo. Ghafla mstari wa jumla unafika, pengo refu upande wa kushoto, kisha tarakimu chache zinagongwa peke yake mwishoni. Niliposikia hivyo nilimwelewa yule mzee kuliko nilivyomwelewa nikiwa kijana.

Yeyote anayeinunua mashine hii bila kujua habari ya dereva atailaumu bure. Natamani jambo hilo lingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi.

Mtu anaweza kudhani nasukumwa na kumbukumbu tu ninaposema kwamba mlio huu unabeba maandishi ndani yake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, walionyesha kwamba maneno yaliyochapwa na printa ya pini yanaweza kusomwa kutokana na kurekodi sauti yake. Waliifunza kompyuta kwanza jinsi maneno yanavyolia, kisha ikaweza kutambua hadi asilimia 72 ya maneno, na zaidi ya hapo ilipopewa ufahamu wa aina ya maandishi yanayochapwa. Wao walikuwa wakitoa tahadhari ya usalama, kwa kuwa printa hizi zilikuwa bado zikitumika kwa madaktari na kwenye benki, na ninawakubalia. Anayechapa siri asiweke simu ya mtu karibu. Ila kwangu utafiti ule ulithibitisha jambo ambalo wahasibu na makarani wa zamani walilijua bila maabara: sauti ile haikuwa uchafu wa mashine, ilikuwa kazi yenyewe ikisikika.

Faida yake niliiona mwezi wa tatu. Nilikuwa stoo ya nyuma nikipanga vichujio vya oili, printa ikiendelea mbele na orodha ndefu ya mwisho wa mwezi. Mapigo yalikuwa yakienda vizuri, mara nikasikia karatasi ikipanda kwa mkwaruzo, kama jani kavu linalokanyagwa, na mapigo yakawa mazito. Nilikimbia. Upande wa kushoto wa karatasi ulikuwa umechomoka kwenye meno yanayoivuta, mistari minne ilikuwa imeandikwa mmoja juu ya mwingine, na karatasi ilianza kujikunja kuelekea kwenye kichwa. Nilisimamisha, nikayarudisha matundu ya pembeni ya karatasi kwenye meno, nikaendelea kutoka ukurasa uleule. Kama ingekuwa mashine ya kimya, ningeikuta imejifunga kabisa nusu saa baadaye. Kosa lilikuwa la boksi la karatasi niliyoinunua kwa bei ya chini, ambayo matundu yake hayakutobolewa sawasawa. Tangu hapo huwa natandaza kurasa mbili moja juu ya nyingine na kuzitazama kwenye mwanga kabla ya kulipa.

Kwa upande wa matumizi ya kila siku, LX-350 haina makuu. Ina milango mitatu, USB, siriali na sambamba, kwa hiyo hata kompyuta ya zamani inaikubali. Utepe wake umekadiriwa kuandika takriban herufi milioni 4, na unapoanza kuisha maandishi hufifia polepole badala ya kukatika ghafla. Karatasi ikimalizika, printa italia mara tatu. Kuna mwandiko wa haraka, ambao kichwa hupita mara moja kwa kila mstari, na mwandiko nadhifu, ambao kichwa hupita mara mbili na mlio unakuwa mzito na wa taratibu zaidi. Barua kwa mteja naiandika kwa ule nadhifu, ankara kwa ule wa haraka, na vijana wetu sasa wanajua ni ipi inatoka wakiwa bado nje wanapakia.

Mapungufu yapo, nami sitayafunika. Pini 9 ni chache. Nembo ya duka hutoka na ngazi pembeni, na picha usijaribu. Bei ya mashine mpya inazidi ile ya printa nyingi ndogo za wino. Kelele ni kelele: ukiiweka juu ya meza ya bati, meza nzima inakuwa ngoma, na jirani ana haki ya kulalamika. Yetu iko juu ya meza ya mninga, na chini yake nimeweka kipande cha mpira wa tairi, ambacho kimeondoa mtikisiko bila kuondoa sauti. Katika nyumba yenye mtoto mchanga, au ofisi ambayo watu huzungumza kwa simu siku nzima, nisingeishauri.

Lakini kwa duka la jumla, ghala, kampuni ya mabasi ya vifurushi au yeyote anayehitaji nakala zenye saini moja, naona hakuna mbadala wa kweli. Karatasi ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inayoandikwa kwa joto, ikikaa kwenye dashibodi ya lori kutoka hapa hadi Tunduma inaweza kufika imefifia. Nakala ya pini ina wino juu ya karatasi ya kwanza na alama ya kugongwa katika zile za chini. Madereva wanazipendelea. Mmoja wao, mtu wa makamo, huwa anasubiri hati zake amesimama kando ya mashine wakati wenziwe wamekaa kivulini, na siku moja aliniambia kwamba mlio huo unamkumbusha baba yake, aliyekuwa karani wa stoo ya pamba Shinyanga.

Jioni naituma ankara ya mwisho na kwenda kufunga milango ya nyuma. Nasikia jina, tarehe, mistari ya bidhaa, lile pengo refu, tarakimu chache. Kisha karatasi inapanda kwa mkupuo mmoja hadi usawa wa kuchana, na ninarudi mbele kuichukua.